Ombi la Kufutiwa Kigelegele

Vårby gård,
Alhamisi jioni, baada ya kuosha vyombo.

Kwa Dada Wilkister,
Msimamizi wa ukurasa wa Kijiwe cha Waswahili,
Skärholmen.

Dada Msimamizi,

YAH: SAUTI ILIYOSIKIKA UWANJANI JUMAPILI, NA VIDEO YAKE

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wanao, na kwamba lile goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima pia, isipokuwa koo. Nakuandikia kwa kalamu na karatasi, na kesho nikienda kazini nitaidumbukiza mwenyewe kwenye tundu la mlango wako, kwa sababu siku hizi kila ninachokiandika kwenye simu watu hukiwekea chini vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Juzi niliuliza tu kama kuna aliyeokota funguo zangu. Vikatuni. Karatasi haina mahali pa kikatuni.

Tunajuana, lakini barua rasmi lazima mtu ajitambulishe. Mimi ni Melchior, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Mpishi katika jiko la shule moja hapo kwenu Skärholmen. Mume wa Libérate, baba wa Mélissa, na msemaji katika posa za Warundi wa kusini mwa mji huu. Watu hawaniiti kwenye posa kwa sababu ya suti, maana suti wanayo wengi. Wananiita kwa sababu ya sauti. Sauti yangu ni nzito na haina haraka, sauti ya mtu anayeijua thamani ya ng'ombe hata kama ng'ombe mwenyewe hayupo na hatakuwepo. Sauti hiyo ndiyo uliyoiweka kwenye Kijiwe Jumapili, ikiwa imepanda huko ilikopanda, na juu yake ukaandika: "Nani kasema wanaume hawawezi?"

Nikujibu kabisa. Aliyesema ni baba yangu. Kabla yake alisema babu yangu. Vigelegele, ambavyo kwetu tunaviita impundu, ni vya wanawake. Mwanamume akifurahi anapiga makofi, na akifurahi kupita kiasi anakohoa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hatukupungukiwa kitu.

Sasa malalamiko yenyewe. Nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Yote yalianza na mluzi. Binti yangu Mélissa ni golikipa wa akiba wa timu ya wanawake ya hapa mtaani. Golikipa wa akiba, Dada, ni mtu anayevaa glovu ili akakae. Msimu mzima alikaa benchi, na kwa kuwa mtoto yule hajui kukaa bure, akajitafutia kazi ya kuwaamsha mashabiki. Anaweka vidole viwili mdomoni, unatoka mluzi ambao mimi niliusikia nikiwa bado kwenye ngazi za stesheni. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Nikamwita, nikamkalisha, nikamweleza mwiko huo kwa utaratibu na kwa upendo. Akanijibu kwa Kiswidi, kama wafanyavyo watoto wetu wakitaka mazungumzo yawe mafupi, kwamba sawa, atamuuliza bibi.

2. Bibi. Huyo ni mama yangu mzazi, Bibi Verediana, yuko Bujumbura. Zamani alikuwa akinipigia simu mimi, nami ndiye niliyewafikishia watu wa nyumbani yale yanayofaa kuwafikia. Sasa anamtumia Mélissa ujumbe wa sauti moja kwa moja bila kupitia kwangu, jambo ambalo hata serikalini haliruhusiwi. Basi aliulizwa habari ya mluzi, nami nikakaa pembeni nikingoja ushindi. Jibu lake likawekwa mtandaoni jioni ile ile, na maandishi ya Kiswahili na Kiswidi chini yake: "Walituambia tukipiga mluzi nyoka ataingia nyumbani. Mimi nikiwa peke yangu bondeni nilikuwa napiga. Nyoka hakuja. Aliyekuja ni babu yenu."

Watu wakamiminika kuweka mioyo. Na mimi niliweka moyo, lakini ni kidole kiliteleza. Kweli wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe ni mama yako.

3. Baada ya jibu lile Mélissa na rafiki yake Lina, anayepiga picha za timu, wakafungua ukurasa unaoitwa Bibi Uwanjani. Mimi siufuati ukurasa huo. Nausoma tu, asubuhi, wakati wa mapumziko, na kwenye treni ya kurudi. Humo wanaweka matokeo, magoli, skafu walizofuma wenyewe, na vilio vyao kwa ajili ya wachezaji ambao hawajapata hata kusalimiana nao. Hayo ningeyastahimili, ushabiki ni ugonjwa wa urithi. Lakini kila siku ya mechi wanaweka na Neno la Bibi. Hoja yao ni kwamba haki ya mwanamke haikuletwa kwetu na vitabu vya chuo kikuu. Bibi zetu walikuwa nayo, wakaitumia bila kuipa jina, na kazi yetu ni kuwauliza wakiwa bado wanasikia.

Lina ni Msami, wale wenyeji wa kaskazini ya nchi hii wanaofuga kulungu wa theluji, na bibi yake ni hatari kuliko mama yangu. Neno lake la kwanza lilisema kwamba kulungu wake walikuwa na alama yake yeye sikioni, si ya mumewe, na mume alipotamani nyama aliomba. Libérate, mke wangu, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyeinua sauti hata akikanyagwa, alilisoma neno hilo tukiwa mezani. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza gari letu limeandikishwa kwa jina la nani.

4. Ieleweke kwamba Jumapili sikwenda uwanjani kwa ushabiki. Nilimpelekea mtoto uji wa moto kwenye chupa. Skafu ya timu niliivaa kwa ajili ya baridi. Bango nililoonekana nalo nilikuwa nimeshikiwa, samahani, nilikuwa nimemshikia mtu.

5. Tukio. Mvua ya barafu ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Libérate alikuwa kazini, na kina mama wa kwaya, ambao kwa kawaida ndio wenye kazi ya vigelegele, walikuwa kwenye ubatizo. Jukwaani tulikuwa wazazi wa Kiswidi, thermosi zao, na mimi. Timu yetu ilikuwa inaongoza kwa goli moja. Mchezo ukielekea ukingoni, Tiana, golikipa wa kwanza, akaumia kidole, na Mélissa akainuka kwenye benchi. Niliona jinsi alivyoinuka. Alikaza glovu zake kwa meno, kama anavyofungua mifuko ya unga nyumbani, tabia ambayo nimemkanya mara nyingi.

Kisha ikatoka penalti dhidi yetu. Mpigaji alikuwa msichana mrefu mwenye miguu isiyokwisha. Mélissa akaruka kulia, akaugusa mpira kwa ncha za vidole, mpira ukagonga mwamba ukatoka nje, na refa akamaliza mchezo.

Sasa nisikilize vizuri, Dada. Mtoto alikuwa amelala kwenye tope. Wenzake walikuwa bado wanakimbia kumfuata. Akainua kichwa akatazama jukwaani. Na jukwaa likampigia makofi, sitasema hawakumpigia, lakini kila mtu alikuwa amevaa glovu. Makofi ya glovu unayajua. Pu, pu, pu, kama mtu anakung'uta mto dirishani. Nikatazama kushoto nimwone mama mmoja wa kwetu, hakuna. Nikatazama kulia nimwone hata shangazi wa kuazima, hakuna. Mtoto bado ametazama. Nilijaribu kukohoa, nakuapia. Badala ya kikohozi kikatoka kile ambacho umekisambaza. Sijui ulimi wangu ulijifunza lini.

6. Madhara kazini. Jumatatu watoto wa darasa la nne walipopanga foleni ya samaki, kila nilipoweka kiazi kwenye sahani walipiga vigelegele. Watoto wa Kisomali walipiga vizuri, hilo nikiri. Wa Kiswidi walikuwa wanapuliza tu mate, ikabidi niache upawa niwaonyeshe mahali pa kuweka ulimi, kwa ajili ya usafi wa chakula. Mwalimu mkuu akapita, akafurahi, akaniomba nije kwenye siku ya utamaduni. Mimi nimepika katika shule ile miaka yote hii, na hakuna aliyewahi kuniomba utamaduni.

7. Wasomi. Chini ya video yako wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yananidhalilisha. Kundi la kwanza linaniita baba wa kifeministi. La pili, linaloongozwa na binti mmoja wa chuo kikuu aliyeandika maneno marefu kuliko barua hii, linasema kwamba vigelegele vilikuwa ndiyo mamlaka ya bibi zetu: wanaume walihesabu ng'ombe, lakini wanawake ndio walioamua lipi ni la kushangiliwa, na kwamba wanaume tumeshachukua kila kitu, sasa tumekuja kuchukua na hicho. Mama yangu akaombwa atoe uamuzi. Akatuma sauti kwamba mwacheni, kimemtoka vibaya lakini kimemtoka. Dada, mimi ni mpishi. Sikuchukua mamlaka ya mtu. Na sioni kilitoka vibaya wapi.

8. Hili la mwisho ndilo linaloniuma, nasema wazi. Jumamosi hii tunampeleka Yvan, mtoto wa dada yangu, kuposa kule Rågsved, saa tisa alasiri, na msemaji ni mimi. Wakwe wameiona video. Wametuma salamu, wameuliza kwa adabu kubwa kama siku hiyo nitaketi upande wa wanaume au wa wanawake, wapate kupanga viti. Yvan alicheka akasema ni utani. Lakini juzi nilimsikia kwenye simu akimuuliza Mzee Gaspard kama Jumamosi ana nafasi. Nimewaposea vijana wa watu tangu nilipofika nchi hii, wengine sasa wana watoto warefu kunishinda. Nikiondolewa kwenye posa ya mtoto wa dada yangu mwenyewe, nitafika nikae wapi? Nyuma, nilinde mikoba?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nadhani utaona hayana makuu. Kwanza, video ifutwe. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini angalau sakafu ipigwe deki. Pili, utoe tangazo kwamba sauti ile ilikuwa treni inafunga breki; stesheni haiko mbali, watu wataamini. Tatu, kina mama wote wa Kijiwe wapangwe zamu kwenye mechi za wasichana wetu, wawili kila mechi na wa tatu wa akiba, mvua au jua, ili mwanamume asije akatiwa majaribuni tena. Nne, mama yangu asipokelewe ujumbe wowote wa sauti ambao haujapitia kwangu. Na tano, kwa ajili ya usawa ambao wenyewe wanauhubiri, pawe na Neno la Babu. Nilijitolea kuliandaa. Niliwapigia simu wazee ninaowaheshimu, Warundi, Wakongo, hata Mtanzania mmoja, nikawaomba neno moja la hekima kila mtu. Wote walisema ngoja nimuulize mama watoto. Kwa hiyo hilo la tano tuliache kidogo.

Utauliza kwa nini nisimwambie Mélissa mwenyewe, wakati aliyeipiga video ni Lina rafiki yake, na wewe uliichukua kwenye ukurasa wao. Ni swali la haki. Jumatatu usiku nilipokuwa nalalamika jikoni, sikumtaja mtu, nilikuwa naiambia sufuria, Mélissa aliingia akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha bibi yake, jambo lililonishtua zaidi ya maneno yenyewe: "Baba, ukiniambia niifute, naifuta sasa hivi. Na Dada Wilkister nitamwomba aitoe. Niambie tu."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Maandishi ndiyo haya, ila nimeona kwa heshima yaanzie kwako.

Nakuomba ulishughulikie jambo hili kabla ya Jumamosi. Wasalimie wanao, na mama wa duka la kitenge hapo chini yako, na yule kijana wa Kampala anayekurekebishia kompyuta, mwambie ile video aliyoitengeneza, ya kigelegele changu kikiwa kimewekewa ngoma, nimeiona na sijaipenda sana. Libérate anakusalimu. Anasema gari sasa limeandikishwa majina mawili.

Wako katika ujenzi wa heshima,

Melchior
(Msemaji wa posa, mpaka itakapotangazwa vinginevyo)

N.B. Dada, kabla ya kufunga bahasha nimeitazama tena video, kwa ajili ya ushahidi tu. Nimegundua kwamba imekatwa. Uliyoiweka inaanzia kwenye kigelegele cha pili. Cha kwanza, ambacho ndicho kirefu na ndicho kilichotoka vizuri, hakimo kabisa, na ndiyo sababu mama anasema kimetoka vibaya. Lina anayo yote. Kama mtu ameamua kunivunjia heshima basi asinivunjie nusu.

Halafu, nikiwa naitafuta gundi, mama amepiga simu. Safari hii amenipigia mimi. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mélissa alizaliwa huku, asubuhi moja ya Februari, mwaka wetu wa kwanza, tukiwa hatujui mtu. Chumbani tulikuwa Libérate, mimi na mkunga. Mtoto akatoka, akalia, na baada ya hapo kukawa kimya. Mkunga alikuwa mwema, alitupongeza taratibu, akavua glovu zake akaenda chumba kingine. Libérate alikuwa hoi, na aliyejifungua hajipigii mwenyewe impundu za kumpokea mtoto. Tukakaa tunatazamana. Nilipompigia mama kumpa habari, kitu cha kwanza alichouliza ni nani amempigia mtoto impundu. Nikasema hakuna, mama, wanawake wa kwetu hawapo, na mimi ni mwanamume. Akasema haya. Tangu siku ile hajaligusa tena.

Leo amepiga, ametazamishwa na wajukuu wa jirani ile video yote kamili, Lina ameshamtumia. Amecheka mpaka akapaliwa. Akasema: "Haya. Sasa amezaliwa."

Basi usifute kitu. Yote niliyoandika hapo juu yaache yalivyo, nimetumia wino mwingi. Lile ombi la tatu tu, la zamu ya kina mama, ndilo nalisisitiza. Jumamosi wasichana wanacheza huko huko Rågsved, saa nane mchana, na Mélissa anaanza golini. Nimemwambia Yvan posa isogezwe mpaka saa kumi na moja, na kama haiwezekani amchukue Mzee Gaspard, sitakuwa na kinyongo. Wewe na kina mama wote njooni. Utabiri wa hewa unasema baridi. Mnakaribishwa kuvaa chochote, lakini nawaomba, glovu mzivue.